Jua Lilipopatwa Rujewa: Yale Tuliyojifunza Kuhusu Macho, Hofu na Maandiko

Siku ya Alhamisi, tarehe 1 Septemba 2016, kivuli cha mwezi kilivuka bara la Afrika kikitokea Gabon, kikapita Kongo zote mbili, kikaingia Tanzania kwa upande wa Ziwa Tanganyika na kutokea Msumbiji, kisha kikaelekea Madagaska na kisiwa cha Réunion. Kwa Watanzania, mahali palipotajwa kuliko pengine pote palikuwa Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, kwa sababu mji huo ulikuwa karibu na mstari wa katikati wa njia ya kivuli na unafikika kwa urahisi kutoka barabara kuu ya kwenda Zambia. Wakati huo nilikuwa katibu wa vijana katika usharika mmoja mjini Iringa, na wazee wa kanisa walinikabidhi kazi ya kuwapeleka vijana wetu wakalione tukio hilo. Ninayaandika haya kwa sababu kupatwa kwa jua kwa namna ile ile, kunakoacha pete ya mwanga kuuzunguka mwezi, kutapita tena Tanzania tarehe 21 Mei 2031, na kwa sababu kijana mmoja kati ya wale tuliosafiri nao alirudi nyumbani akiwa na doa katika jicho lake, jambo ambalo lingeweza kuepukika kabisa.

Maandalizi yalianza kwa hofu, wala hayakuanza kwa nauli. Mara tu tangazo la safari liliposomwa ibadani, simu za washarika zilijaa ujumbe wa kusambazwa uliodai kwamba dunia itaingia gizani kwa siku tatu, kwamba mishumaa pekee iliyobarikiwa ndiyo itakayowaka, na kwamba atakayetoka nje atarudi na mkosi. Mhubiri mmoja aliyekuwa akipita mitaani na kipaza sauti aliliunganisha tukio hilo na unabii wa Yoeli, kwamba jua litageuzwa kuwa giza na mwezi kuwa damu kabla ya siku ya Bwana, akawasihi watu wafunge na kujifungia ndani. Mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa mjamzito, alikatazwa na mama mkwe wake hata kukaribia dirisha siku hiyo, akiambiwa kwamba mtoto angezaliwa na mdomo uliopasuka. Shangazi yangu mwenyewe, ambaye ndiye aliyenilea, alinipigia simu akilia na kunisihi nisiwapeleke watoto wa watu mahali ambapo, kwa maneno yake, Mungu anaonyesha hasira. Sikumjibu kwa ukali, na hadi leo ninaamini kwamba mtu mwenye hofu hasaidiwi kwa kuchekwa.

Mchungaji wetu alikubali tutumie jioni za mafunzo ya Biblia kulizungumza jambo lenyewe kutoka mwanzo. Tuliona ni vema kuanza na imani za kale, kwa maana wengi walidhani kwamba hofu ile ni ya kwetu peke yetu. Wachina wa zamani walisema joka linalila jua, wakapiga ngoma ili kulitisha. Katika India ilisimuliwa habari ya Rahu, kichwa kisicho na mwili kinachomeza jua na kulitoa tena shingoni, na watu wa Skandinavia walisema ni mbwamwitu anayelikimbiza jua. Huko Mesopotamia, yaani Iraki ya leo, wataalamu wa ikulu walipoona dalili kwamba kupatwa kunamtishia mfalme, walimvua kwa muda na kumkalisha mtu mwingine kwenye kiti chake, ili balaa limwangukie huyo mbadala, ambaye baadaye aliuawa. Hapo palikuwa na ukimya mkubwa katika chumba, kwa sababu vijana waliona wazi kwamba hofu ya anga iliwahi kugharimu uhai wa mtu asiye na hatia.

Simulizi iliyowagusa zaidi ilitoka Afrika yetu. Watu wa Batammaliba, wanaoishi kaskazini mwa Togo na Benin, wamekuwa wakieleza kwamba jua linapopatwa ni kwamba jua na mwezi vinapigana, na kwamba wanadamu wanapaswa kuvihimiza vipatane. Kwa hiyo wakati huo ndugu na majirani huacha ugomvi wao wa zamani na kusameheana. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye mwanzoni aliipinga safari, alisema kwamba hata kama maelezo yao ya anga si sahihi, walichokifanya chini ya anga hiyo ni kizuri kuliko kujifungia ndani. Nilikubaliana naye. Zaidi ya miaka 2,600 iliyopita, kwa mujibu wa Herodoto, mwanahistoria Mgiriki, majeshi ya Wamedi na Walidia, mataifa mawili ya kale ya Asia, yaliweka silaha chini katikati ya vita baada ya mchana kugeuka usiku, tukio ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la tarehe 28 Mei 585 kabla ya Kristo.

Wababeli, watu wa Mesopotamia hao hao walioogopa, ndio pia walioandika kwa uangalifu, kizazi baada ya kizazi, hata wakagundua kwamba kupatwa hurudi kwa utaratibu baada ya miaka 18, siku 11 na takriban saa 8. Nilipowaeleza vijana kwamba kupatwa kwa Rujewa kulikuwa na ndugu yake aliyepita Indonesia na Malaysia tarehe 22 Agosti 1998, na kwamba mwingine wa ukoo huo huo atapita Amerika ya Kusini tarehe 12 Septemba 2034, niliona nyuso zikibadilika. Zile saa 8 za ziada ndizo zinazoifanya dunia iwe imejizungusha theluthi moja ya mzunguko, na kwa hiyo kila kurudi huangukia sehemu nyingine ya ulimwengu. Mtu akishajua kwamba jambo lina ukoo na ratiba, hofu huanza kupungua yenyewe.

Maelezo ya kisayansi tuliyafanya kwa vitendo, tukiwa na taa ya chemli mezani na chungwa mkononi. Mwezi una kipenyo cha kilomita 3,474, na jua lina kipenyo kinachokaribia kilomita milioni 1.4, yaani jua ni kubwa takriban mara 400. Lakini jua pia liko mbali nasi takriban mara 400 kuliko mwezi, na ndiyo maana machoni petu vyote viwili vinaonekana karibu sawa kwa ukubwa. Jua hupatwa mwezi unapopita kati yake na dunia, na hilo hutokea tu wakati wa mwezi kuandama, mwezi wa zamani unapokwisha na mpya kuanza. Haitokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kama nyuzi 5 ikilinganishwa na njia ya dunia kulizunguka jua, hivyo mara nyingi kivuli hupita juu au chini yetu bila kutugusa. Umbali wa mwezi nao haudumu mmoja: huja karibu hadi chini ya kilomita 365,000 na kwenda mbali hadi zaidi ya kilomita 400,000. Unapokuwa mbali kiasi, hautoshi kulifunika jua lote, bali huacha ukingo wa mwanga pande zote, na huko ndiko kupatwa kwa pete. Huku ndiko kulikokuwa kunakuja Rujewa, na tofauti hii kati ya pete na kupatwa kamili ndiyo iliyotuletea msiba wetu, kama nitakavyoeleza.

Sehemu ya Maandiko ilichukua muda mrefu kuliko nyingine zote. Vijana waliuliza kama giza lililokuwapo Yesu aliposulubiwa lilikuwa kupatwa kwa jua, kwa kuwa Injili ya Luka inasema kwamba kulikuwa na giza juu ya nchi yote kuanzia saa sita hadi saa tisa na jua likapungukiwa na nuru yake. Jibu tulilolipata kwa kusoma kwa makini ni kwamba haiwezekani lilikuwa kupatwa kwa kawaida. Pasaka ya Wayahudi huadhimishwa mwezi ukiwa mpevu, nao mwezi mpevu huwa upande wa pili wa dunia, mbali na jua, hauwezi kulikinga. Tena, jua likipatwa kikamilifu mahali pamoja, giza lake halizidi dakika 7 na nusu hivi, wakati Injili inataja saa tatu. Si hoja mpya hata kidogo: mwandishi Mkristo Julius Africanus aliitoa katika karne ya 3, alipompinga mtu aliyedai kwamba giza lile lilikuwa kupatwa kwa jua. Kwa mwamini, basi, giza la Golgotha linabaki kuwa tendo la Mungu lisilo na ratiba, na kulilinganisha na tukio la Rujewa ni kulipunguzia uzito wake.

Kutoka hapo tulifikia hoja ambayo mimi naiona kuwa ndiyo kiini cha jambo lote kwa Mkristo. Bwana Yesu alisema kwamba habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Kupatwa kwa jua, kinyume chake, kunajulikana kwa saa na dakika, miongo mingi kabla ya wakati wake. Jambo linaloweza kuandikwa kwenye kalenda na mwanafunzi mwenye kompyuta haliwezi, kwa kujulikana kwake huko, kuwa ndiyo ile siku ambayo hata malaika hawaijui. Nabii Yeremia, katika sura ya 10, anawaonya watu wa Mungu wasijifunze njia ya mataifa ya kuziogopa ishara za mbinguni, na katika sura ya 31 anazitaja amri za mwezi na nyota kuwa ushahidi wa uaminifu wa Mungu kwa watu wake. Nilimsomea shangazi sura hizo mbili kwenye simu. Hakusema amekubali, ila alisema atatuombea njiani, na kwangu hilo lilitosha.

Safari yenyewe ilitufunza mambo ya kawaida ambayo ni vizuri mwandaaji ayajue. Tulikodi basi dogo aina ya Coaster, tukapita Mafinga na Makambako, na tuliondoka siku moja kabla kwa kuhofia msongamano. Gesti tulizopiga simu zilikuwa zimejaa, na iliyobaki ilitaka karibu mara mbili ya bei ya kawaida, hivyo tulilala kwenye jengo la kanisa baada ya kuomba kwa wenyeji, kila mmoja na blanketi lake. Bajeti yetu ilikula zaidi kwenye usafiri na chakula, na kwa sababu hiyo kamati iliamua kupunguza fedha za miwani maalumu, kwa hoja kwamba watu wawili wawili wangeweza kushirikiana. Ninawasihi wanaoandaa safari ya namna hii wafanye kinyume: miwani inunuliwe kwanza, moja kwa kila kichwa na chache za akiba, ndipo hesabu ya wali na soda ifuate.

Asubuhi ya siku ile anga la Rujewa lilikuwa safi. Uwanjani palikuwa na wanafunzi waliovaa sare, wazee, na wageni waliobeba darubini zenye vichujio. Dereva wetu, ambaye ni Mwislamu, alituomba ruhusa akaswali swala ya kusufu, akatueleza kwamba jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume Muhammad, na kwamba Mtume mwenyewe aliwakataza watu kusema limepatwa kwa ajili ya kifo hicho, kwa kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Vijana wetu walishangaa kusikia kwamba nyumba ya jirani ina fundisho linalokaribiana hivyo na lile tulilolitafuta jioni zote zile.

Kama saa 4 na robo hivi, ukingo wa jua ulianza kumegeka. Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika duniani, na wasio na miwani walianza kuchoka. Baadaye mwanga ukapoteza umanjano wake ukawa wa kijivu chenye kung'aa, kivuli cha mkono wangu kikawa na kingo kali upande mmoja na hafifu upande mwingine, na ubaridi ukaingia shingoni kana kwamba wingu limepita ilhali wingu halikuwapo. Kitu kizuri kuliko vyote nilikiona chini ya mti. Kila upenyo mdogo kati ya majani ulikuwa umegeuka kuwa tundu la kupitishia sura ya jua, na vumbi lote la kivulini lilikuwa limejaa alama za mwezi mchanga, mamia kwa mamia, zikitikisika kila upepo ulipogusa matawi. Ilipokaribia saa 6 mchana zikageuka kuwa pete. Msichana mmoja wa darasa la kipaimara alipiga magoti akainyosha leso yake nyeupe ardhini, pete zikatua juu yake wazi kabisa, naye akaanza taratibu kuimba Zaburi ya 19 kwa sauti ya kwaya, ile isemayo kwamba mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu. Walioisikia sauti hiyo wakaipokea.

Ni katika dakika hizo hizo, ambazo hazikuzidi 3 na kidogo, kijana mmoja alivua miwani aliyokuwa akishirikiana na mwenzake na kulitazama jua kwa macho matupu. Alikuwa amesoma mahali fulani kwamba wakati wa kilele ni salama kutazama bila miwani. Maneno hayo ni kweli kwa kupatwa kamili, na tena kwa zile sekunde tu ambazo jua lote limefunikwa. Kwa kupatwa kwa pete si kweli hata kwa nukta moja. Siku ile mwezi ulifunika karibu asilimia 97 ya kipenyo cha jua, na watu walipoona kwamba hakuna giza la kutisha, walidhani pia kwamba hakuna hatari. Ule ukingo uliobaki ni jua kamili kwa ukali wake. Yeye hakusikia maumivu yoyote, kwa sababu retina, yaani utando wa ndani unaopokea mwanga, hauna mishipa ya kuhisi maumivu. Unaungua kimya kimya.

Jumapili iliyofuata alikishika kitabu cha nyimbo akaona katikati ya kila neno kuna kidoa cha kijivu kinachozifunika herufi. Alinyamaza kwa aibu kwa muda, akiogopa wale waliosema safari ina mkosi wangepata ushahidi. Tulipompeleka kwenye kliniki ya macho tulielezwa kwamba hakuna dawa wala upasuaji wa kurudisha sehemu iliyoungua, kwamba wengi hupata nafuu ndani ya miezi kadhaa, na kwamba wengine hubaki na doa maisha yote. Jicho la kulia lilimrudia. La kushoto limebaki na alama ndogo ambayo huiona anaposoma maandishi madogo. Mama yake hakutulaumu hadharani, lakini nilikaa naye sebuleni na nikaona jinsi alivyokuwa akimtazama mwanawe akisogeza kitabu huku na huku kutafuta pembe ya kusomea, na sijapata neno la kumfariji lililokuwa sawa na uzito wa jambo lile.

Waliotabiri mkosi walisema, kama alivyohofia, kwamba waliyasema. Nililijibu jambo hilo mbele ya usharika kwa ukweli wote: jua linaunguza jicho siku zote, hata siku ambayo halijapatwa, na kilichokosekana ni kipande cha karatasi yenye kichujio chenye bei ndogo kuliko soda mbili. Upande wa pili walikuwapo vijana waliorudi wakisema kwamba sasa wameona ni hesabu tu na Mungu hana nafasi hapo. Hao nao sikubaliani nao. Arthur Eddington, mtaalamu wa anga Mwingereza aliyekwenda kisiwa cha Príncipe kwenye Ghuba ya Guinea kupima kupinda kwa mwanga wa nyota wakati wa kupatwa kamili kwa tarehe 29 Mei 1919, na kwa vipimo hivyo akaiunga mkono nadharia ya mwanafizikia Einstein kwamba uzito wa jua huupinda mwanga, alikuwa mwamini wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker, na hesabu zake hazikumzuia kusali. Lakini pia ninawaonya wenzangu wasiugeuze ulingano wa ile namba 400 kuwa hoja ya kumthibitisha Mungu, kwa maana mwezi unasogea mbali nasi kama sentimita 3.8 kila mwaka, na itafika zama ambapo hautaweza tena kulifunika jua lote. Imani iliyojengwa juu ya kipimo kinachosogea itasogea nacho.

Kwa wanaojiandaa, haya ndiyo ninayoyajua kwa hakika. Miwani salama ni ile iliyotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2, na ukiivaa ndani ya nyumba hupaswi kuona kitu chochote, hata mwanga wa dirishani. Iliyochubuka au kutoboka itupwe. Kioo cha mchomelea vyuma kinafaa kikiwa namba 14. Vile vya gereji nyingi ni vyepesi zaidi ya hapo. Picha za eksirei, miwani ya jua ya kawaida hata miwili ikibandikwa pamoja, chupa zilizofukizwa moshi na beseni la maji, ambalo wazee wengi wa kwetu wanalipenda, havikingi jicho. Asiye na miwani ageuke alipe jua mgongo, atoboe kadi kwa pini na kuitazama sura ya jua kwenye karatasi nyeupe, au ashike chujio la chai juu ya ardhi. Watoto wadogo wasipewe miwani na kuachwa. Mtu mzima mmoja asimamie wachache.

Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kamili kutakakopita Afrika Kaskazini, Misri, Saudia na Somalia, na huko Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6. Sehemu za Afrika Mashariki zitaona jua likimegwa tu, kwa hiyo hapa kwetu miwani haivuliwi hata kwa nukta moja. Kisha itakuja pete ya tarehe 21 Mei 2031, itakayopita Angola, Zambia, Kongo na Tanzania asubuhi kabla ya kuvuka Bahari ya Hindi kwenda kusini mwa India. Siku hiyo itakuwa Jumatano, siku ya masomo, na ni lazima walimu wakuu waonwe mapema pamoja na wachungaji na maimamu, ili wanafunzi wasifungiwe madarasani wala wasiachwe uwanjani bila kinga ya macho.